Kibendera Kilichopanda Mara Moja

Wasikilizaji wapendwa, kilichomvuta macho kwanza ni viatu.

Vilikuwa mlangoni, palepale vilipokaa siku zote, vimeelekea nje. Viatu vyeusi vya michezo, vya kamba. Binti aliviinua ili afagie, akavigeuza. Soli ya mbele ilikuwa nzima. Ya kisigino nayo nzima. Pembeni, upande wa nje, ilikuwa imelika mpaka kitambaa kinachungulia. Mtu anayetembea kwenda mbele hamalizi kiatu namna hiyo. Hicho ni kiatu cha mtu aliyeishi kwa kwenda upandeupande, kama kaa.

Leo tunamkumbuka mwenye viatu hivyo. Alikuwa kinyozi wa mtaa ulio nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa pia mwamuzi wa mpira wa miguu. Mtaani aliitwa majina mengi, na tutayapitia, lakini jina alilokwenda nalo ni Mzee Kibendera.

Wengi wenu mnamkumbuka kwa jambo moja. Katika ligi kuu, alinyanyua kibendera mara moja tu. Mara moja, katika msimu mmoja, mwishoni mwa mechi ya mwisho. Na kibendera hicho kiliishusha daraja timu ya mtaa wake mwenyewe.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, yuko nasi hapa studio. Amekubali kuja kwa sharti moja, kwamba tusimwombe aseme. Tumekubali. Aliyotusimulia alitusimulia pembeni, kidogo kidogo, kabla taa nyekundu haijawaka. Mbele yake kuna glasi ya maji, na maikrofoni ambayo fundi mitambo ameisogeza kando, isimtishe.

Basi twende kibandani.

Kilikuwa kibanda cha mabati chenye kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa kwenye kona, na benchi la wanaosubiri. Mashine ya kunyolea ilining'inia kwenye msumari. Poda na brashi vilikaa juu ya kijirafu. Ukiketi kwenye kile kiti, Kinyozi alikunyoa huku akisikiliza maneno yako yote, ya kazini, ya nyumbani na ya wakwe. Mwisho alifanya jambo moja ambalo hakuliacha hata siku moja. Alirudi nyuma mpaka mlangoni, akakunja magoti, akafumba jicho moja, akaangalia kama nywele za mbele ya masikio yote mawili zimekaa sawa. Akiona upande mmoja umezidi, hata kama ni kwa unywele, alirudi kazini.

Wateja walimtania.

"Mzee, usininyanyulie kibendera, nimekaa sawa."

Kwa sababu Jumamosi na Jumapili Kinyozi alifunga kibanda, akaenda kushika kibendera. Alianzia mechi za mitaa, akaenda za madaraja ya chini, kwenye viwanja vyenye ng'ombe upande mmoja na nguo zilizoanikwa upande wa pili. Alikimbia pembeni ya mstari, upandeupande, uso ukiwa uwanjani.

Kwa wasiofuatilia mpira, tuseme hivi. Mshambuliaji haruhusiwi kumtangulia beki wa mwisho kabla pasi haijapigwa. Akimtangulia, ameotea. Mshika kibendera ndiye anayeona hilo, ndiye anayenyanyua kibendera, na bao linafutwa.

Neno hilo, kuotea, liliingia nyumbani kwa Kinyozi likakaa kama mtu wa familia. Aliyefunua sufuria kabla chakula hakijaiva, ameotea. Aliyeruka foleni kibandani, ameotea. Kinyozi hakugomba. Alinyanyua taulo lake la begani juu, akasimama wima, akatulia. Mwenye kosa alicheka, akarudi nyuma.

Binti alikuwa darasa la sita mama yake alipougua. Aliacha shule ili amwangalie, na shule haikurudi tena. Mama alipofariki, watu walimaliza kulia, wakaondoka, wakabaki wawili. Kinyozi alikaa kwenye ukingo wa kitanda muda mrefu. Hatimaye alichukua taulo lake, akalinyanyua kidogo tu, usawa wa bega.

"Ameotea, mama," alimwambia binti yake. "Ametangulia kabla ya mpira."

Alimwita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao. Tangu siku hiyo jina lilikuwa na uzito mwingine.

Binti akaanza kufagia nywele kibandani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Wateja walimwita Bi Kimya, kwa upendo. Alisalimia akiangalia vidole vyake vya miguu. Ukimuuliza swali, jibu lilikuja wakati wewe umeshahamia swali lingine. Baba yake alijua hivyo, hakumharakisha. Akiuliza kama kuna maji ya moto, aliendelea na shughuli zake mpaka jibu lifike.

Sasa tuingie kwenye ule msimu.

Simu ya chama cha waamuzi ilipigwa akiwa kazini, mteja akiwa amenyolewa upande mmoja. Kinyozi alisikiliza, akasema ndiyo, akasema ahsante, akatoka nje na mashine mkononi, waya ukiburuta nyuma. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mitumba ya dada yake, shangazi yake binti. Mteja alimfuata barabarani, kitambaa kikiwa shingoni.

"Mzee, na upande huu je?"

Kinyozi hakumsikia. Alikuwa amepandishwa ligi kuu.

Wasikilizaji wapendwa, alikuwa amepandishwa katika msimu wa mwisho ambao umri wake ulimruhusu. Chama kina umri wake wa kustaafisha, na yeye alikuwa anaugusa. Msimu ukifungwa, naye anafungwa nao. Alichotaka ni kitu kimoja. Alitaka kukimbia kwenye mstari wa ligi kuu, hata mechi moja.

Shangazi alifurahi kuliko wote. Shangazi ni mwanamke wa sauti kubwa, na alikuwa shabiki wa kutupwa wa timu ya kiwanda cha sabuni, ambayo nchi nzima inaiita Povu. Alivaa jezi ya Povu akiuza mitumba. Povu ikishinda, bei zilishuka. Povu ikifungwa, alitoa povu kweli, na wateja waliahirisha kununua mpaka Jumanne.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, baba na binti walikwenda uwanja wa vumbi nyuma ya ukuta wa kiwanda. Harufu ya sabuni ilikuwa bado nyepesi saa hizo. Kinyozi alichora mstari kwa kisigino.

"Wewe ni beki wangu wa mwisho," alimwambia. "Tembea unavyotaka. Simama, kimbia, rudi. Usiniambie unakwenda wapi."

Binti alitembea. Baba alimfuata upandeupande pembeni ya mstari, akijitahidi awe sawa naye siku zote, bega kwa bega, uwanja mzima ukiwa katikati yao. Binti aliona haya kutazamwa hivyo. Hakuna mtu mwingine duniani aliyemtazama kwa makini namna ile. Siku moja alisimama, akamuuliza kwa sauti yake ndogo kwa nini hatazami mpira.

"Mpira una watu wengi wa kuutazama," baba alijibu. "Mshika kibendera akiutazama na yeye, amekwisha. Mimi kazi yangu ni kuwa sawa na wewe."

Ligi ikaanza. Kinyozi akapangiwa mechi. Lakini alipangiwa kuwa mwamuzi wa akiba. Alikagua njumu za wachezaji kabla ya mechi. Alinyanyua ubao wa namba wachezaji wanapobadilishwa. Aliwarudisha makocha kwenye benchi. Mechi ya kwanza, akiba. Iliyofuata, akiba. Mvua zikaja, zikaenda, akiba. Kama hakuna mwamuzi aliyeumia, wa akiba hakanyagi ndani.

Mtaa ukampa jina. Walimwita Spea, kama tairi la akiba la gari. Alipopita na begi lake, vijana waliokaa kwenye matofali waliuliza, "Spea, leo kuna pancha?" Yeye alijibu kwamba barabara ni nzuri mno mwaka huu. Walicheka wote. Nyumbani binti alimpigia pasi soksi ambazo hazikuchafuka.

Na Povu? Povu ilianza msimu vizuri, ikalewa sifa. Katikati ikafungwa, ikafungwa tena, kipa akaumia, kocha akaondoka akisema anakwenda kumwona mgonjwa, na hajarudi mpaka leo. Ilipofika mechi ya mwisho, Povu ilikuwa karibu kushika mkia. Ikishinda, inabaki ligi kuu. Sare haitoshi. Mechi ilikuwa uwanja wa nyumbani, na timu ya wageni ilikuwa imeshatulia katikati ya msimamo, haina cha kupata wala cha kupoteza.

Mwamuzi wa akiba siku hiyo alikuwa Kinyozi. Walimpanga kwa kuwa ni mwenyeji na haihitajiki nauli, na kwa kuwa mtu wa akiba hadhuru.

Uwanja ulijaa. Shangazi alikuwa jukwaa la kati na kikundi cha kuimba, ameshaishiwa sauti kabla mchezo haujaanza. Binti alikaa mahali pake pa siku zote, chini kabisa, pembeni, karibu na eneo la hatari la goli la wageni, ambako watu hawapendi kukaa kwa sababu huoni vizuri upande wa pili. Aliipenda kona ile kwa kuwa hakuna anayekupita akakuomba upishe.

Kipindi cha kwanza hakuna bao. Cha pili kikaanza, hakuna bao. Mchezo ulipokuwa unaelekea ukingoni, mshika kibendera wa upande ule wa binti alichomoka kukimbiza mpira, akashika paja, akaanguka. Msuli.

Wakambeba. Mwamuzi wa kati akageuka, akanyoosha mkono kwenye benchi.

Kinyozi aliweka ubao wa namba chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akafunga upya kamba za viatu. Akapokea kibendera. Alipofika kwenye mstari, aligeuza kichwa mara moja kuelekea ile kona ya chini, akamwona aliyemtafuta, akageukia uwanja.

Msimu mzima alikuwa ameusubiri mstari ule. Sasa alikuwa juu yake.

Waliokuwepo wanasema hivi. Krosi ilitoka upande wa mbali. Mshambuliaji wa Povu, yule waliyemwita Kisigino kwa mabao yake ya kisigino, aliruka katikati ya mabeki. Nyavu zikatikisika. Jukwaa likalipuka. Watu wasiojuana wakakumbatiana. Shangazi akapoteza kiatu kimoja, hajakipata mpaka leo.

Binti yeye anakumbuka mengine. Anakumbuka baba yake alivyokuwa amebana tumbo ndani. Anakumbuka jinsi alivyopita mbele yake upandeupande, mwepesi kuliko asubuhi zote za uwanja wa vumbi. Anakumbuka soksi ya mguu wa kushoto imeshuka, na yeye hana nafasi ya kuipandisha. Anakumbuka alivyosimama ghafla, wima. Na mkono ulivyopanda, na kibendera juu yake, kimetulia.

Kelele zilizimika kwa vipande, jukwaa moja baada ya jingine, kadiri watu walivyokiona. Mwamuzi wa kati alipuliza. Ameotea. Bao limefutwa.

Wachezaji wa Povu walimzunguka. Mmoja alipiga magoti mbele yake, amekutanisha viganja. Kinyozi hakushusha mkono mpaka mwamuzi wa kati alipomwashiria. Mechi ikaisha bila bao. Povu ikashuka daraja.

Kamera ya mechi ilikuwa upande wa pili, na mabeki walimziba Kisigino. Mpaka leo hakuna picha inayoonyesha. Hakuna mtu aliyekuwa sawasawa na mstari ule, isipokuwa Kinyozi mwenyewe. Yeye, na binti aliyekaa chini, pembeni.

Hilo shangazi aliligundua kabla ya kufika getini. Alikuja na kiatu kimoja, jezi imelowa, sauti haipo.

"Mwanangu, wewe ulikuwa umekaa palepale," alisema. "Nani atajua kama si wewe? Niambie mimi shangazi yako. Aliotea, hakuotea?"

Watu waliokuwa karibu wakanyamaza ili wasikie. Binti akaangalia vidole vyake. Jibu lilikuwepo, lilikuwa njiani, lakini watu walikuwa wengi na wote wanamtazama mdomo.

"Basi," shangazi akasema. "Nimeelewa."

Na mtaa mzima ukaelewa vilevile. Kama baba angekuwa sahihi, walisema, mtoto angemtetea. Mtoto ameona, na mtoto amenyamaza. Hukumu ikawa imepita.

Kinyozi alirudishwa nyumbani kwa gari la polisi. Alikuta maji ya kuoga yamewekwa. Alikaa kwenye kigoda, akavua viatu.

"Soksi imenisumbua leo," alisema.

Binti alisimama mlangoni. Baba hakumuuliza chochote. Asubuhi alipozitafuta soksi zake, alikuta zimeshonewa mpira mpya wa kubana juu, zote mbili, kwa uzi mweusi. Akazivuta, akaziachia, zikambana mguu. Akaziweka vizuri kabatini, ingawa hakukuwa na mechi nyingine. Msimu ulikuwa umefungwa.

Siku zilizofuata benchi la kibandani lilikaa tupu. Watu walikwenda kunyoa mtaa wa pili, wakarudi na vichwa vya ajabu, lakini walikwenda. Asubuhi moja baba na binti walikuta mlango wa kibanda umeandikwa kwa kipande cha sabuni, herufi kubwa, AMEOTEA. Binti alikimbilia ndoo. Baba akamzuia. Alirudi nyuma mpaka katikati ya barabara, akakunja magoti, akafumba jicho moja.

"Herufi ya mwisho imepanda kidogo," alisema.

Alitafuta rangi, akayapitia maneno yale kwa brashi, akainyoosha herufi ya mwisho, na juu yake akaongeza neno Kinyozi. Kibanda kikaitwa Kinyozi Ameotea. Kinaitwa hivyo mpaka leo.

Wa kwanza kucheka alikuwa mpita njia. Wa kwanza kuingia alikuwa mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Kisigino alikuja mchana, mtaa wote ukiwa nje, akaegemeza baiskeli, akaketi kwenye kiti cha kuzunguka. Watu walijazana dirishani. Binti alishikilia fagio kama mtu anayeshikilia nguzo.

Kinyozi alimfunga kitambaa, akawasha mashine. Alinyoa upande mmoja. Akanyoa wa pili. 

"Mzee," Kisigino akasema hatimaye, "watu wananiuliza mimi. Eti ulikuwa mbele au nyuma. Mimi nitajuaje? Nilikuwa hewani, nimefumba macho."

"Unapiga kichwa umefumba macho?"

"Siku zote. Naogopa mpira."

Kinyozi alizima mashine kwa sababu mkono ulikuwa unatingishika kwa kicheko. Kisigino naye akaanza. Dirishani wakaanza. Kinyozi alipomaliza kucheka alirudi mlangoni, akakunja magoti, akafumba jicho, akaangalia masikio ya mtu ambaye bao lake alilifuta. Yalikuwa sawa.

Kidogo kidogo benchi likajaa tena. Jina la Spea wakaliacha. Wakaanza kumwita Kibendera, kwanza kwa kumchoma, baadaye kwa mazoea, mwisho kwa heshima, Mzee Kibendera.

Aliyebaki ni shangazi. Shangazi ni mdogo wake, na maisha yake yote alimsalimia, shikamoo kaka. Baada ya mechi ile alibadilisha. Alikuja nyumbani kama kawaida, alileta vitu kama kawaida, akakaa, lakini mlangoni alisema, "Shikamoo, mwamuzi."

Kinyozi aliitikia marahaba. Binti alikuwa akimwona anavyoitikia, kama mtu aliyekanyaga kijiwe na hataki ijulikane. Povu ilicheza daraja la chini, ikapanda, ikarudi ligi kuu, na salamu haikubadilika. Shikamoo, mwamuzi.

Binti alitaka kusema. Alitaka kusema kwa shangazi, na zaidi alitaka kusema kwa baba. Alipanga maneno akiwa anafagia, akayafikisha mpaka mlangoni, mteja akaingia. Baba hakuuliza. Miaka yote hakuuliza. Lakini wakati mwingine, akiwa amemaliza kumnyoa mtu na anaangalia kiooni, macho yake yalimpita mteja yakamtafuta binti nyuma, yakakaa hapo kidogo, kisha yakarudi kazini. Binti alijua anatafuta nini. Alitaka kujua alichokiona mtoto wake siku ile. Alidhani, kama mtaa ulivyodhani, kwamba ananyamaza ili kumfichia aibu.

Mwaka huu kifua kilimlaza. Wodini alipewa kitanda cha dirishani. Binti alimletea taulo lake la kazini, kwa kuwa la hospitali lilikuwa jipya na gumu. Mchana mmoja alikuwa anamfuta uso, na baba akamshika mkono.

"Mama," alisema. "Siku ile. Ulikuwa umekaa pale chini."

Binti aliacha kufuta. Akaitikia kwa kichwa.

Baba alimtazama. Alisubiri, kama alivyojua kusubiri majibu yake. Binti alifungua mdomo. Maneno yalikuwa yamefika kabisa, yako nyuma ya meno. Baba akaona anavyohangaika, akamwonea huruma.

"Maji yapo?" akauliza.

Binti akampa maji. Alijua hakuwa na kiu.

Saa hiyohiyo mlango wa wodi ulifunguliwa na shangazi akaingia, mikono imejaa, muuguzi akimfuata nyuma akimwambia kwamba bado saa ya kuona wagonjwa. Shangazi hakumsikiliza. Alifika kitandani, akaweka vitu chini, akamtazama aliyelala. Alikuwa amepungua mno.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Mzee Kibendera alimgeuzia kichwa.

"Leo mimi ni kaka?"

"Kwani uliacha lini?"

Alitafuta taulo lake juu ya shuka, akalishika kwa pembe, akalinyanyua. Halikufika juu sana.

"Ameotea huyu, mama," alimwambia binti yake. "Ameingia kabla ya saa."

Shangazi alicheka mpaka machozi, kisha yakabaki machozi peke yake. Anasema mwenyewe, na ameturuhusu tuseme, "Nilimnyima neno moja kwa ajili ya mpira. Nililirudisha likiwa limebakiwa na siku chache za kutumika."

Mzee Kibendera alifariki siku chache baadaye, asubuhi, binti akiwa amekwenda kusuuza kikombe. Aliporudi, taulo lilikuwa kifuani, limekunjwa vizuri. Mazishini walikuja waamuzi, walikuja wanyolewaji, walikuja Povu na jezi zao. Kisigino alibeba kiti cha kuzunguka kutoka kibandani, akakiweka uani, na hakuna aliyekikalia.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Mzee Kibendera. Kinyozi wa nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mwamuzi aliyekaa akiba msimu mzima, akakimbia mstari wa ligi kuu kwa muda mfupi, akanyanyua kibendera mara moja. Kama aliona sawa au hakuona sawa, hatutajua. Tunachojua ni kwamba aliishi miaka iliyofuata kati ya watu walewale, akawanyoa, akawasawazisha masikio.

Kwa binti yake, kwa shangazi, kwa waamuzi wenzake na kwa mtaa wote, poleni sana. Sisi hapa redioni tunalia pamoja nanyi. Apumzike salama, asiwe tena wa akiba.

Nasi tuliobaki tujiulize. Pengine nyumbani kwako yupo mtu asiyesema. Umeuchukua ukimya wake, ukauandikia maneno yako mwenyewe, na kila siku unayasoma kana kwamba ni yake. Leo ukifika, keti naye. Subiri. Jibu linaweza kuwa njiani.

Tungeishia hapa. Lakini ninyi hamwoni ninachokiona. Binti amenyoosha mkono. Ameivuta maikrofoni. Fundi mitambo anamfungulia sauti.

"Baba, sikuona kama aliotea au hakuotea. Mpira ulikuwa na watu wengi wa kuutazama. Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Soksi moja ilishuka. Ulipendeza, baba."